Bafle za studio Kisangani: dola mia tatu au elfu moja na mia nne?

Mwaka 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipofika Lubunga, watu wengi walivuka mto kukimbilia upande wa kuume wa Kisangani. Siku kama zile, sauti za WhatsApp zinafika kwenye redio moja baada ya nyingine, zimerekodiwa na simu ndogo, upepo unavuma, watoto wanalia. Mtu anasema «wameuawa». Fundi wa sauti akisikia «wameua», silabi moja tu imepotea, lakini waliopigwa wamegeuka kuwa wapigaji, na habari ikishatoka hewani hairudishwi.

Ndiyo maana swali la bafle za studio haliwahusu wapenda muziki peke yao. Ni swali la kila redio ya jamii yenye bajeti ndogo: ikipata dola elfu moja na kitu, inunue bafle za bei kali, au za bei rahisi?

Bafle gani hizi?

Bafle za studio, zile mafundi wanaita monita, nyingi zina amplifaya ndani yake na hazitengenezwi kwa kupendeza sikio. Bafle ya baa inaongeza besi ili watu wacheze. Monita inatakiwa kuonyesha sauti jinsi ilivyo, pamoja na makosa yake: pumzi iliyogonga maikro, mngurumo wa grupu nyuma ya ukuta, neno lililokatwa vibaya.

Za bei rahisi, kama JBL 305P MkII, zinauzwa Ulaya na Marekani karibu dola 150 moja, kwa hiyo mia tatu kwa mbili. Za bei kali, kama Genelec 8030C ya Finland, zinakaribia dola 700 moja, yaani elfu moja na mia nne kwa mbili. Hiyo ni kabla ya usafiri, iwe kwa boti kutoka Kinshasa, kwa barabara kutoka Butembo, au kwa ndege mpaka Bangboka. Zote mbili zina koni ya inchi tano.

Redio inahitaji nini?

Sauti nzito ya mwanaume inaanza karibu na mitetemo 85 kwa sekunde. Bafle nzuri ya inchi tano, hata ya bei rahisi, inashuka chini ya hapo. Upande wa juu, matangazo ya FM yanaishia kwenye mitetemo 15,000 kwa sekunde. Bafle inayofika 25,000 inamwonyesha fundi kitu ambacho antena haitakituma. Kwa kazi ya maneno, yaani habari, mahojiano na matangazo ya vifo, ile ya mia tatu inatosha.

Lakini «inatosha» haimaanishi «ni sawasawa». Baadhi ya bafle za bei rahisi zinatoa mlio mdogo wa shiii hata kama hakuna kitu kinachochezwa. Fundi akikaa karibu nazo siku nzima, sikio linachoka, na wakati mwingine anadhani ule mlio uko ndani ya rekodi. Tena mbili za bei rahisi hazifanani daima: ya kushoto inaweza kuwa na sauti tofauti kidogo na ya kulia. Bei kali inalipia mambo kama hayo, utulivu na usawa.

Umeme kwanza

Kisangani inategemea kituo cha umeme cha mto Tshopo, kilichojengwa wakati wa ukoloni. Mashine yake moja ikisimama, mitaa inaingia kwenye delestaji. Kinachoua vyombo mara nyingi ni ile dakika umeme unaporudi, unaruka juu ghafla halafu unashuka.

Wengi wanafikiri chombo cha bei kali kinavumilia zaidi. Si lazima. JBL ile ya bei rahisi imeandikwa volti 100 mpaka 240, sawa na Genelec. Na hakuna hata moja inayoweza kuzuia mruko mkubwa peke yake. Inahitaji stabilizateri nzuri, na mtu wa kuchomoa waya umeme unapokatika.

Zikiungua, tofauti inaonekana. Fundi wa soko anaweza kubadilisha kondensa, lakini kadi nzima ya umeme, ya bei rahisi au ya bei kali, si rahisi kuipata mjini. Redio iliyopoteza bafle ya mia moja hamsini inaweza kuchanga tena. Iliyopoteza ya mia saba itangoja mradi mwingine.

Halafu chumba

Studio nyingi ni chumba cha kuta tupu za simenti chini ya mabati. Mle, sauti inagonga ukuta na kurudi, besi inajaa kwenye kona. Bafle ya dola 700 ikiwekwa kwenye kona kama hiyo itadanganya kama ile ya mia moja hamsini. Magodoro ya sponji ukutani, mapazia mazito, na bafle kusogezwa mbali na kona, vinabadilisha usikivu kuliko jina la kiwanda. Mvua ikipiga mabati, hapo hata Genelec inanyamaza, na fundi anavaa kaske.

Kuna mfano unaojulikana kwa mafundi wa dunia. Yamaha NS-10 ilitoka mwaka 1978 kama bafle ya nyumbani, na nyumbani haikupendwa sana. Lakini studio kubwa za muziki ziliichukua, na koni yake nyeupe ikaonekana karibu kila mahali, hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001. Haikuwa tamu. Mafundi waliizoea, wakajua inadanganya wapi.

Nani alipe bei kali?

Studio ya muziki inayochanganya rumba na kwaya kwa kuuza inaweza kuwa na sababu. Gitaa la besi na ngoma zinahitaji kusikika kwa usahihi, na mteja atapeleka wimbo kwenye bafle za kila aina. Hata hivyo, hesabu inaanza na chumba na umeme.

Kwa redio ya jamii, zile dola elfu moja na mia nne zinagawanyika vizuri zaidi: mia tatu kwa bafle mbili, nyingine kwa stabilizateri, magodoro, kaske ya kufunga masikio, na maikro ya pili kwa mwandishi anayevuka kwenda Lubunga. Maikro ile, ikiwekwa karibu na mdomo wa msemaji, inaokoa silabi ambazo bafle yoyote ya studio haiwezi kuzirudisha.

Na kabla habari haijatoka hewani, kuna kipimo cha mwisho kisichogharimu kitu: kuisikiliza kwenye redio ndogo ya mapili na kwenye simu, jinsi mama wa Mangobo atakavyoisikia akiwa jikoni. Kama pale «wameuawa» bado inasikika «wameuawa», habari iko tayari. Kama kuna mashaka, msemaji apigiwe simu, aulizwe tena.