Haki ya Mnunuzi na Lugha ya Breki

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa aliyoinunua. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinatamka kuwa Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi za Jamhuri. Vifungu hivi viwili vimo katika waraka mmoja, lakini katika maduka yetu ya vipuri sijaona dalili kwamba vimewahi kukutanishwa. Maelezo ni haki ya mnunuzi, naam. Lakini maelezo kwa lugha gani?

Swali hili si la darasani tu, ingawa darasani ndiko nipatiako riziki yangu. Lilinikabili mjini Kitale nilipobadilisha pedi za breki za gari langu kwa mikono yangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Gari lenyewe ni kama mengi ya humu nchini: liliundwa Japani, likatumika huko, kisha likaletwa kwetu kabla ya kuvuka miaka minane, ambayo ndiyo kikomo cha umri wa magari yaliyotumika yanayoruhusiwa kuingia. Kitabu chake cha maelekezo kimo ndani, safi kabisa, na kimeandikwa Kijapani kuanzia jalada hadi jalada. Pedi nilizonunua zilikuwa katika kisanduku chenye lugha tatu, na Kiswahili hakikuwa mojawapo. Hata Kiingereza chake kilikuwa cha mkato, cha kumkumbusha ajuaye wala si cha kumfundisha asiyejua.

Aliyeniongoza ni fundi kijana wa jua kali. Katika uwanja anaofanyia kazi hukutana Mbukusu, Msabaoti, Mturkana na Mkikuyu, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Nilimsikiliza kwa sikio la mwanafunzi na kwa sikio la mwanaisimu pia, na ninakiri kuwa mihadhara mingi niliyohudhuria haikuwa na mpangilio bora kuliko ule.

"Mwalimu," aliniambia, "legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo utie jeki. Na jeki usiiamini. Weka stendi." Tukaondoa gurudumu, tukafungua bolti ya chini ya kalipa na kuiinua. Pale ambapo kalipa hulazimika kutolewa nzima, alisema, huning'inizwa kwa waya, kwa maana ikiachwa ilegee kwa uzito wake itaichana paipu ya mpira inayopeleka nguvu ya breki. Pedi za zamani zilikuwa zimebaki na unene wa takriban milimita 3, ilhali mpya huwa na 10 au zaidi. Alinikataza kupuliza vumbi kwa mdomo, kwani pedi za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa asbesto, madini yanayoharibu mapafu, nawe huwezi kujua kwa macho ipi inayo na ipi haina. Pistoni ilirudishwa ndani polepole, huku tukichungulia kopo la juu lisifurike. Grisi ilipakwa kidogo mahali chuma kinapogusa chuma, lakini kamwe si kwenye uso wa pedi wala wa diski. Kisha gurudumu la upande wa pili likafuata, kwa kuwa pedi hubadilishwa kwa jozi. Ukibadilisha upande mmoja, gari litavuta kando siku utakapokanyaga breki kwa ghafla.

Jambo la mwisho alilirudia mara mbili. Kabla ya kuliondoa gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni imerudishwa nyuma, kwa hiyo mkanyago wa kwanza huzama hadi sakafuni na gari halisimami. Asiyeambiwa hilo anaweza kufanya kazi yote sawasawa, kisha akaugonga ukuta wa nyumba yake au, Mungu apishe mbali, mtoto aliyesimama langoni. Kwenye kisanduku changu onyo hilo halikuwamo katika lugha yoyote.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Hawajafika gerejini. Lugha hii ilipokutana na gari haikupigwa na bumbuazi: iliuchukua usukani kutoka chomboni baharini, parafujo ikairithi kwa Wareno, gari lenyewe likatoka Bara Hindi, na breki, tairi, jeki na spana zikatoka kwa Waingereza. Leo mafundi wameongeza pedi, diski na kalipa bila kuomba ruhusa ya mtu. Wataalamu wenzangu tulibishana miaka na mikaka kama tuseme kompyuta, ngamizi au tarakilishi; fundi hana nafasi hiyo, gari liko juu ya stendi. Anajua, kwa mfano, kwamba neno pedi peke yake linaweza kumpeleka mnunuzi duka la dawa, kwa hiyo husema "pedi za breki" na mambo yakaisha.

Hata hivyo, pana mahali ambapo lugha ya gerejini inahitaji msaada, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kile kiowevu kinachosukuma breki nimekisikia kikiitwa "mafuta ya breki" na pia "maji ya breki." Majina yote mawili yanapotosha. Anayesikia mafuta anaweza kumimina oili ya injini, ambayo huvimbisha mipira ya ndani na kuuharibu mfumo mzima. Anayesikia maji anaweza kudhani kuwa maji kidogo hayadhuru, ilhali maji ndiyo adui: kiowevu hicho hunyonya unyevu hewani, na kadiri kinavyoingiwa na maji ndivyo kinavyochemka upesi breki zikipata moto, na kikichemka pedali huzama bila nguvu. Kinachotakiwa ni kile kilichoandikwa DOT 3 au DOT 4, kama mfuniko wa kopo la gari unavyoagiza. Si mzaha huu. Neno moja lililokosa maelezo linaweza kuua.

Niliyakumbuka hayo nilipoteremka kwenda Bungoma. Nasema nilipoteremka kwa sababu Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma takriban 1,400. Njiani, kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, matatu zilizojaa abiria hupishana na malori ya mahindi na miwa, na kutoka Webuye unaingia barabara kuu ya malori yaendayo Malaba. Kila mwaka wa hivi karibuni watu zaidi ya 4,000 wamekufa katika barabara za Kenya. Sidai kwamba breki mbovu ndizo zilizowaua wengi wao. Mwendo wa kasi na ulevi vina sehemu yao kubwa. Nasema tu kwamba breki ni mlango mmoja wa mauti ambao tungeweza kuufunga kwa gharama ndogo. Mjini Bungoma niliingia maduka matatu ya vipuri nikiulizia karatasi yoyote ya maelekezo kwa Kiswahili. Wenye maduka, watu waungwana, walinihurumia.

Je, mtengenezaji wa ng'ambo atakubali kuchapisha Kiswahili? Tayari amewahi kukubali. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007 iliagiza kwamba onyo kwenye pakiti za sigara liwe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kampuni kubwa za tumbaku, ambazo si wanyonge, zilichapisha. Iwapo mvutaji sigara anaonywa kwa lugha ya taifa, sioni kwa nini anayefunga breki za gari litakalobeba watoto wa shule anyimwe heshima hiyo. Njia ipo: tangu mwaka 2005 bidhaa nyingi ziletwazo nchini hukaguliwa huko zitokako kwa niaba ya Shirika la Viwango la Kenya. Hapo ndipo pa kuuliza, pamoja na ubora wa kifaa, maelezo yake yako wapi na kwa lugha gani.

Mwaka 2025 ilitolewa rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari, iliyopendekeza kwamba hata gari la mtu binafsi lililopita miaka minne tangu kuundwa likaguliwe kila mwaka. Siipingi kanuni ya namna hiyo. Lakini serikali inayotaka kumwajibisha mwenye gari kwa hali ya breki zake ingeanza kwa kuhakikisha kwamba amepewa maelezo anayoyaelewa. Maneno yenyewe hayazidi nusu ukurasa. Wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Kibabii pale Bungoma, walimu wa Chuo cha Ufundi cha Kitaifa cha Kitale na mafundi watatu au wanne wa jua kali wangeweza kuyaandika kwa alasiri moja, mradi mafundi ndio waanze kusema.