Koo Kuuma Baada ya Nusukaputi: Si Tuambiwe Mapema?

Watu wangu, kuna kitu wengi wetu hukijua tukiwa tayari wodini. Umefanyiwa upasuaji wa ngiri, kidonda kiko huko chini, lakini ukiamka kinachokusumbua ni koo. Kumeza mate ni kazi. Sauti imekwaruza. Unabaki kujiuliza, kwani hawa walinifanya nini?

Walikuokoa, kusema kweli. Ukiwa kwa usingizi ule mzito, unaweza kuwekewa mpira unaopita katikati ya nyuzi za sauti hadi kwa bomba la hewa. Ama unapata ile barakoa ndogo ya kukaa kooni, aliyoibuni daktari Mwingereza Archie Brain mwaka 1981. Barakoa kwa kawaida haiumizi koo sana kama mpira, lakini si kila upasuaji unairuhusu.

Shida kubwa iko kwa kile kiputo cha mpira kinachojazwa hewa ndani ya koo ili pumzi isivuje. Kikijazwa kupita kiasi kinabana utando, damu haipiti vizuri, na unaamka na kidonda. Shinikizo linalopendekezwa ni sentimita 20 hadi 30 za maji, na kuna geji ya mkono ya kulipima. Bado kuna mahali watu hubonyeza kwa vidole na kukadiria. Vidole, jameni! Hata jamaa wa pancha hapo steji ana geji.

Mimi nakula kwa sauti. Mwalimu pia, na kondakta, na yule dada wa kwaya. Sisi tunafaa kuulizwa kazi yetu kabla ya kuingia thieta, kwa sababu mpira mwembamba kidogo hupunguza maumivu, na daktari akijua mapema anaweza kuufikiria. Ile fomu tunasainishwa haraka haraka ingekuwa na laini moja tu kuhusu koo, watu hawangetoka hapo wakidhani upasuaji uliharibika.

Wengi hupona kwa siku mbili tatu. Sauti ikikataa kurudi baada ya wiki mbili, tafuta daktari wa masikio, pua na koo. Lakini ukishindwa kupumua au kumeza, ukikohoa damu, ama shingo ikivimba, usingoje kesho. Rudi hospitali siku hiyo hiyo.