KUNG'OA BURE, KUTAFUNA ULIPE!

Ndugu msomaji, hospitali nyingi za Serikali zina dirisha la wazee, na juu yake bango linalotuagiza tumpishe mzee atibiwe kwanza. Bango ni zuri. Sera ya Afya ya mwaka 2007 nayo inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atatibiwa bure. Wakubwa wakipanda jukwaani wanalitaja hilo, na sisi tunapiga makofi.

Leo usipige makofi. Mwombe mzee wako afungue mdomo, uchungulie.

Mimi nilichungulia wa bibi yangu. Ana miaka 74, amelima mahindi maisha yake yote, pensheni anaisikia redioni tu. Mwaka jana meno yake mawili yalimuuma wiki tatu. Nikampeleka hospitali, kitambulisho cha mzee mkononi. Mganga akatazama, akasema yanaweza kuzibwa, lakini vifaa vya kuzibia vimekwisha. Tukitaka kuziba, tukajaribu kwa watu binafsi. Tukitaka bure, ni kung'oa.

Yakang'olewa. Ndiyo yaliyokuwa ya mwisho ya kutafunia. Nilipouliza habari ya meno ya bandia, nikajibiwa kwamba hayo hayamo kwenye msamaha. Bei niliyotajiwa ilizidi mbuzi wake wote wawili. Njiani bibi akaniambia, "Basi mume wangu, mimi na uji mpaka kaburini."

Simlaumu mganga. Hawezi kuziba jino kwa mate. Swali langu ni kwa wanaoshika funguo za hazina: hii ni bure gani inayoishia kwenye koleo?

Watasema meno ya bandia ni urembo. Urembo? Kibogoyo hali nyama, hali karanga, hali hindi la kuchoma. Anameza vilaini tu, anakonda, anakosa nguvu. Mwenye kisukari ndiyo balaa zaidi, maana kisukari huharibu fizi, na fizi zikioza sukari nayo inazidi kuwa ngumu kuidhibiti. Jino likiwahiwa linazibwa, mambo yanakwisha. Likicheleweshwa mzizi unaoza, usaha unajaa, uso unavimba. Kumnyima mzee huduma ya kuziba ni kumsubiri aumie ndipo umng'oe.

Na wazee hawa si ombaomba. Uchangiaji wa gharama hospitalini ulipoanza mwaka 1993, bibi yangu alikuwa na miaka arobaini na kitu. Alichangia akiuza debe la mahindi kila mtoto alipougua. Amelipa ushuru wa mazao mpaka mgongo umepinda. Leo mtumishi wa Serikali aliyestaafu ana kadi ya Bima ya Taifa, na mimi simwonei kijicho, ni haki yake. Lakini mkulima aliyemlisha mtumishi huyo miaka yote ana nini? Ana uji.

Watasema pesa hakuna. Mbona Zanzibar mwaka 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi? Pesa ni ndogo, lakini ilipatikana kwa sababu mtu aliamua. Na mbona kigogo akiugua nauli ya ndege kwenda kutibiwa nje haikosekani? Pesa ipo, msomaji. Kinachokosekana ni aibu.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Vizuri. Sasa tunataka kitita cha mzee kiandike wazi, bila mafumbo: kuziba jino, kutibu fizi na meno ya bandia. Vifaa navyo viwepo wilayani, si kwenye makaratasi tu. Kama havimo, basi waliposema wote hawakuwahesabu vibogoyo.

Wewe msomaji una kazi moja. Mbunge wako akija kwenye mkutano, simama umuulize mbele ya watu: msamaha wa mzee unafika kwenye meno, au unaishia kwenye koleo? Akijiumauma, mkumbuke siku ya kura.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Neno kweli halijaharibika. Kilichoharibika ni meno, na wenye nchi wanayatazama huku wakitafuna.