Semina za kilimo ni za bure, mbona vijana hawaonekani?

Ukipita nje ya ofisi ya kilimo ya wadi msimu wa kupanda unapokaribia, huenda ukaona karatasi imebandikwa ukutani: Alhamisi, saa tatu asubuhi, mafunzo ya kutengeneza sileji, shambani kwa mkulima fulani. Wote mnakaribishwa. Hakuna kiingilio.

Nenda siku hiyo uhesabu vichwa. Utapata akina mama wa chama, wazee kadhaa wenye kofia na mwakilishi wa kampuni ya mbegu akigawa kalenda. Vijana? Utawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wawili kati yao ni wale waliokuja kufunga hema na kupanga viti.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba vijana wa siku hizi hawataki kushika jembe. Wanataka pesa za chapchap, wanataka Nairobi. Jibu hilo limerudiwa kwenye mabaraza hadi limekuwa kama wimbo. Lakini kuna jambo moja halielezi. Vijana hao hao ndio wanaomaliza bando usiku wakitazama video za kuku wa kienyeji, nyanya za kivungulio na mabwawa ya samaki. Hamu ipo. Shida ni kwamba mafunzo ya bure yanayoandaliwa kwa kodi zetu yamepangiwa mtu mwingine, na pengo hilo linawagharimu vijana chapaa nyingi.

Tuanze na historia kidogo. Kuna wakati bwana shamba alikuwa mtu anayejulikana kijijini kama mwalimu mkuu. Mnamo 1982 Kenya ilianza mfumo uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ambapo afisa alitembelea wakulima waliochaguliwa kila baada ya wiki mbili, nao wakawafundisha majirani. Mfumo huo ulikuwa ghali, na mageuzi ya kiuchumi ya miaka ya 1990 yakabana ajira serikalini. Waliostaafu hawakujazwa nafasi zao ipasavyo. Kisha Katiba ya 2010 ikakabidhi kilimo kwa kaunti, na tangu 2013 maafisa wa nyanjani wako chini ya magavana.

Kipimo kinachotajwa mara nyingi, cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ni afisa mmoja kwa wakulima 400. Hapa kwetu afisa mmoja huhudumia zaidi ya 1,000, na kuna maeneo hali ni mbaya kuliko hapo. Piga hesabu mwenyewe. Akitembelea boma nne kila siku ya kazi, mwaka mzima, bila likizo wala mkutano, atafikia wakulima kama 1,000 mara moja tu kila mmoja. Na hiyo ni ikiwa pikipiki ina mafuta, jambo ambalo si la uhakika.

Ndiyo maana semina na siku za wakulima shambani, zile watu huziita “fildi dei”, zimekuwa muhimu sana. Afisa asipoweza kuja kwako, basi ninyi 60 mnakwenda kukutana naye pahali pamoja. Kwa mkulima mdogo, huo ndio mlango uliobaki.

Sasa, anayekosa mlango huo anaenda wapi? Anaenda agroveti. Hakuna ubaya; wauzaji wengi wa dawa na mbegu ni watu waungwana na wanaijua kazi yao. Lakini mshauri anayekula kwa kuuza dawa ana sababu ya kukuambia ununue dawa. Kijana anayelima nyanya, ambaye mmea wake umeshambuliwa na yule kipepeo mharibifu aliyeingia nchini miaka kumi hivi iliyopita, Tuta absoluta, anaweza kununua chupa tatu tofauti kabla ya kuambiwa kwamba mdudu huyo huzoea dawa, na kwamba mitego na usafi wa shamba ni sehemu ya tiba. Ushauri usio na bidhaa nyuma yake ndio hasa kazi ya ofisi ya umma. Hapo ndipo thamani yake ilipo, zaidi hata ya sileji.

Mkumbuke kware. Wale waliokuwa shuleni 2013 na 2014 watakumbuka jinsi nchi nzima ilivyoshikwa na homa ya ndege huyo. Yai dogo lilisemekana kutibu kila kitu na bei yake ikapanda ajabu. Watu wakachukua mikopo, wakajenga vizimba, wakatafuta leseni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kabla mwaka kwisha soko lilikuwa limejaa, bei ikaporomoka na wengi wakabaki na ndege wasio na mnunuzi. Waliopata faida nono ni wale waliouza vifaranga na vizimba mapema. Ugonjwa haukuwaua kware hao, wala hakuna aliyeshindwa kuwalisha. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali moja la kawaida kabla pesa hazijatoka mfukoni: nani atanunua, na akishaacha kununua utafanya nini?

Homa ya namna hiyo hairudi ikiwa na jina lile lile. Leo inakuja kupitia TikTok, ikiwa na muziki mzuri na kijana aliyesimama kando ya gari akikuambia nusu ekari ilimpa mamilioni. Anayemaliza akiba yake ya kuendesha boda boda kwa video ya dakika moja si mjinga. Hiyo ndiyo semina pekee iliyomfikia saa ambayo hakuwa kazini.

Hapo tunafika kwenye kiini. Angalia jinsi semina zetu zinavyopangwa. Saa: asubuhi ya siku ya kazi, wakati kijana wa boda yuko stejini na yule wa mjengo ameshapanda ngazi. Mama mdogo mwenye mtoto mgongoni anaweza kuja, lakini mafunzo yakivuka saa saba ataondoka akapike. Tangazo: ukutani kwa chifu, kanisani, au kwa mwenyekiti wa chama ambaye ataarifu wanachama wake. Usiyekuwa kwenye chama husikii. Mada: mara nyingi huchukulia kwamba una ng'ombe, una miti ya kahawa, una shamba lako. Kijana wengi wao wanalima kwa kukodi robo ekari msimu mmoja, au wanatumia kipande cha baba ambaye anaweza kukichukua kesho. Kumfundisha mtu huyo kupanda parachichi, ambalo huchukua miaka kabla ya kuzaa vizuri, ni kumwonyesha chakula kilicho kwenye sahani ya mwingine. Mfundishe mboga za wiki sita, miche ya kuuza, kuku, uyoga, au namna ya kuandikiana mkataba wa kukodi shamba usiovunjwa katikati ya msimu. Atakuja mbio.

Halafu kuna daftari la mahudhurio. Jina, nambari ya simu, sahihi. Semina ikiisha, ripoti inaenda makao makuu: wakulima 64 wamefunzwa. Lakini daftari hilo linahesabu waliofika. Halisemi wangapi walijaribu walichofunzwa, wala umri wa waliokaa kwenye viti. Kitu kisichohesabiwa hakiwezi kukosekana kwenye ripoti, ndiyo maana hakuna bosi anayeuliza vijana walikuwa wapi.

Njia nyingine ipo na haijatoka mbali. Shule za wakulima shambani, mtindo ulioanza Indonesia mwaka 1989 kwenye mashamba ya mpunga na kufika Kenya katikati ya miaka ya 1990, hazifundishi kwa siku moja. Kikundi cha watu 20 hadi 30 hukutana mara kwa mara msimu mzima kwenye kishamba kimoja. Upande huu wanapanda kwa mazoea, upande ule kwa mbinu mpya. Wanahesabu wadudu, wanapima mavuno, wanabishana. Mwisho wa msimu hakuna haja ya kumwamini afisa wala kampuni. Macho yao yameona. Kwa kijana ambaye hana mtaji wa kujaribu mara mbili, kukosea kwenye kishamba cha kikundi ni bora mara mia kuliko kukosea kwenye mkopo.

Serikali nayo haijakaa tu. Vilabu vya 4K, vilivyoanzishwa 1962 kufundisha watoto kilimo shuleni, vilizinduliwa upya mwaka 2021. Chini ya mradi wa minyororo ya thamani unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, maelfu ya vijana wamesambazwa mashinani kama “agriprenua”, wakisajili wakulima na kuwapa ushauri kwa simu zao. Ni hatua nzuri. Mkulima mzee sasa anamwona kijana kama mtaalamu. Ila mpango wenyewe unatarajia vijana hao hatimaye wajitegemee kwa kuuza huduma na pembejeo. Basi tunarudi pale pale kwa agroveti: posho ikiisha, ushauri wao utakuwa wa nani? Agriprenua anaweza kumsaidia afisa wa umma. Hawezi kuchukua nafasi yake.

Kaunti zitasema hakuna pesa, na hazidanganyi kabisa. Mwaka 2003 jijini Maputo, nchi za Afrika, Kenya ikiwemo, ziliahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Zaidi ya miaka 20 baadaye tungali tunaisubiri ahadi hiyo. Hata hivyo, kuhamisha semina kutoka Alhamisi asubuhi hadi Jumamosi alasiri hakuhitaji pesa za Maputo. Kutuma tangazo kwenye vikundi vya WhatsApp vya steji za boda hakuhitaji zabuni. Kuongeza safu ya umri kwenye daftari ni kazi ya rula na kalamu.

Nasi vijana tusikae kando tukilalama. Asiyekuwepo na lake halipo. Kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya tarehe hizo huwa kuna vikao vya maoni ya umma. Wengi wetu huenda huko kuomba barabara na taa za mtaani. Safari hii, mmoja asimame aulize: wadi yetu ina maafisa wangapi wa kilimo? Wametengewa mafuta kiasi gani? Semina ngapi zitafanyika, na ngapi kati yake ni za wikendi? Majibu yakiandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, mwaka ujao mtakuwa na cha kuwashikia.

Pili, jiungeni. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka watu kumi tu ili kusajili kikundi. Afisa mwenye wakulima 1,000 hawezi kuja kwa mmoja mmoja, lakini vijana kumi wenye kishamba na ratiba ni safari inayolipa mafuta yake. Tena msisubiri kualikwa. Nendeni ofisini mkaombe mafunzo mnayotaka, kwa siku mnayoweza. Vituo vya mafunzo ya kilimo kama Wambugu kule Nyeri, Waruhiu Kiambu, Kaguru Meru na Mtwapa Kilifi vilijengwa kwa kazi hiyo hiyo.

Umri wa mkulima wa kawaida nchini hutajwa kuwa karibu miaka 60. Wazee hao wanafahamu udongo wao, na siku moja watauacha. Atakayeurithi atakuwa amefunzwa na mtu fulani, tupende tusipende. Tofauti ni kama mwalimu huyo atakuwa afisa anayelipwa na umma, au yule jamaa wa TikTok aliye na vifaranga vya kuuza.