Usitundike Jembe Mwezi wa Nne

Ndugu zangu mliohamia Durban na vijiji vinavyouzunguka mji huo, neno letu "vuli" litawaponza. Kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Ukizisikia, unatafuta mbegu. Huku, kile kamusi inachokiita vuli ni Machi hadi Mei, na ndiyo miezi ambayo mvua inaaga. Wakati huohuo jamaa zenu wa Tanga wamo katika masika, matope hadi vifundoni.

Basi mgeni huona mawingu yametoweka, akatundika jembe. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza katika Bonde la Vilima Elfu. Nilivuna mahindi, nikarundika mabua tayari kuyatia kiberiti, na taka za jikoni nikazifunga mifukoni zipelekwe jaani. Bibi jirani, ambaye sote tulimwita Gogo, alisimama penye ua akatazama. Akauliza, "Chakula chote hiki unampelekea nani?" Nikadhani ananitania.

Hakuwa na utani. Katika bonde hilohilo, miaka ya 1950, Daktari Halley Stott alianzisha shirika la Valley Trust, akiamini kwamba dawa peke yake haitoshi pale ambapo watu hawali vizuri. Katika bustani ya shirika hilo alikuwapo Robert Mazibuko, mwalimu wa kilimo aliyehubiri handaki. Chimba futi mbili kwenda chini. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Tandika makopo yaliyopondwa na mifupa, kisha mabua, nyasi, karatasi, samadi na maganda, kila tabaka ukilifunika udongo kidogo. Ule udongo mweusi urudi juu. Yaliyomo yakioza hushika maji, na tuta hubaki na unyevu wakati vilima vyote vimekauka.

Na kazi hii ni ya Aprili. Ardhi ingali laini kwa mvua zilizopita. Ukingoja Julai, jembe litakurukia usoni. Kabichi, spinachi, karoti na njegere hupenda ubaridi huu wa Durban, ambao pwani hauleti jalidi. Kabichi ya Januari ni karamu ya viwavi.

Wapo watakaonijibu kwamba kabichi sokoni ni rahisi kuliko mgongo. Sikatai, siku ile ya kwanza nilishindwa kuinama kufunga viatu. Lakini handaki moja litawalisha misimu kadhaa, na kabichi ya sokoni hununuliwa kila juma. Anayenunua mbolea huku akitupa maganda, nyumba yake ina tundu, hata mshahara wake uwe mnono.

Msimu huu pia ndio wa amadumbe, yaani magimbi yetu. Akina mama, na akina baba mnaopika, msiyamenye mabichi: mikono itawasha, na nyama nyingi itaondoka na kisu. Yachemsheni na maganda yake. Yakiiva, mlibane moja kwa vidole, ganda litateleza lenyewe, jembamba kama karatasi. Hilo nalo liende handakini.

Anzeni na handaki moja, upana na urefu wa mlango, karibu na jikoni, ili mwosha vyombo asione uvivu kubeba ndoo. Maji ya sabuni myamwage kwenye udongo, si kwenye majani.