Swali la Mtoto Juu ya Gharika

Nalufenya ni mtaa wa Jinja ulio karibu na mto Naili, kando ya njia ya wasafiri waendao Iganga, Tororo na Mbale. Hapo pana kituo cha polisi, na hapo hapo pana wodi ya watoto ya Hospitali ya Rufaa ya Jinja. Ni mtaa unaofahamika kwa askari, na unafahamika pia kwa akina mama.

Katika nyumba za mtaa kama huo, na katika laini za kambi zote, huzuka swali moja baada ya ibada ya Jumapili. Mtoto amefundishwa shuleni kwamba Mlima Elgon ni volkano ya kale iliyoanza kutokea mamilioni ya miaka iliyopita. Labda amesoma pia kwamba mwaka 2011, huko Napak katika Karamoja, wataalamu walifukua fuvu la nyani mkubwa wa zamani, linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 20. Kisha kanisani anasikia kisa cha Nuhu. Arudipo nyumbani huuliza: Je, maji yaliufunika hata Elgon? Wanyama wote waliingiaje katika safina moja?

Baba aliyezoea kupokea amri na kuitoa huweza kumnyamazisha kwa ukali. Mama huweza kuingiwa na hofu kwamba mwanawe ameanza kupotea. Wote wawili wanaipenda imani yao, lakini ukali wa mmoja na hofu ya mwingine vimezaliwa na dhana ile ile: kwamba likionekana jambo moja katika Maandiko ambalo halikutukia kama lilivyoandikwa, basi nyumba nzima ya imani itaanguka. Dhana hiyo yafaa ipimwe.

SWALI LA KALE

Wako wasemao kwamba mashaka ya namna hii ni mageni, yameletwa na vitabu vya Ulaya. Sivyo. Origen, mwalimu wa Kikristo wa Aleksandria katika nchi ya Misri, aliyeishi katika karne ya tatu, aliuliza ni mtu gani mwenye akili atakayesadiki kwamba siku za kwanza za uumbaji zilikuwa na jioni na asubuhi kabla ya kuwako jua. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliwaonya Wakristo wasinene ovyo juu ya nyota na dunia kwa kutumia Maandiko. Kwani asiyeamini, ambaye anayajua mambo hayo vizuri, atawacheka, na baadaye hatawasadiki hata wakimweleza habari za ufufuo.

Kisa kinachofanana zaidi na swali la mtoto ni kile cha William Ngidi, Mzulu wa Natal, aliyemsaidia Askofu John William Colenso katika kazi ya kuitafsiri Biblia kwa Kizulu. Walipofikia habari za Gharika, Ngidi alimwuliza askofu kama yeye mwenyewe anasadiki kwamba hayo yote yalitukia hivyo. Colenso alikuwa mtaalamu wa hesabu, wala dhamiri yake haikumruhusu kumdanganya mtu kwa jina la Mungu. Mwaka 1862 alianza kuchapisha uchunguzi wake juu ya vitabu vitano vya Musa na kile cha Yoshua. Alionyesha, kwa mfano, kwamba wanaume wa vita 600,000 waliotoka Misri, wakihesabiwa pamoja na wazee, wanawake na watoto, wangekuwa watu zaidi ya milioni mbili. Askari yeyote aliyepata kuandaa chakula na maji ya kikosi kimoja safarini ataelewa mara moja ugumu wa hesabu hiyo.

Mwaka 1863 Askofu wa Cape Town, Robert Gray, alitangaza kumvua Colenso uaskofu. Baraza la Malkia huko London lilimpa haki mwaka 1865, lakini kanisa la Natal lilikuwa limekwisha kugawanyika. Colenso hakuacha kusali wala kuhubiri. Aliendelea kuwatetea Wazulu mbele ya serikali ya kikoloni mpaka alipofariki mwaka 1883. Alitia shaka hesabu za jangwani; hakutia shaka wajibu wa kumtetea mnyonge.

KITABU KIMOJA, NJIA MBALIMBALI

Uganda nayo ina historia yake katika jambo hili. Biblia nzima ilipatikana kwa Kiganda mwaka 1896, kwa juhudi za George Pilkington pamoja na Waganda kama Henry Wright Duta. Watu waliisoma kwa hamu kubwa, na wengine waliazimia kuifuata neno kwa neno.

Mwaka 1914 Joswa Kate, chifu mwenye cheo cha Mugema, pamoja na mwalimu Malaki Musajjakawa, walianzisha dhehebu la Mungu Mmoja Mwenyezi. Watu wakawaita Wamalaki. Katika Torati walisoma katazo la uganga, na katika kitabu cha nabii Yeremia wakaona maneno yasemayo kwamba dawa nyingi hazikufaa kitu. Kwa hiyo walihukumu kwamba Mkristo hapaswi kutumia dawa yoyote, iwe ya mganga au ya hospitali. Makumi ya maelfu ya watu waliwafuata.

Mmoja wa waliojiunga nao alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda ambaye mji wa Mbale ulianza kwa mkono wake. Kuanzia mwaka 1906 hadi 1913 alikuwa mkuu wa baraza la Busoga, kisha akarudi Mbale akiwa na uchungu, kwa kuwa Waingereza aliowatumikia walimnyima utawala aliouona kuwa haki yake. Bila shaka uchungu huo ulichangia kumtenga na kanisa la watawala. Lakini Kakungulu alikuwa pia msomaji wa kweli. Katika Agano la Kale alilikuta agizo la tohara, wala hakuridhika na maelezo kwamba limefutwa. Wenzake walipompinga na kumwambia kwamba tohara ni desturi ya Wayahudi, alikata shauri kuwa Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe, akaweka makao ya wafuasi wake Gangama, karibu na Mbale. Alifariki mwaka 1928. Jumuiya aliyoiacha, Abayudaya, ilistahimili marufuku ya siku za Idi Amin, na hata leo inasali katika kilima cha Nabugoye.

Hapa pana jambo la kutafakari sana. Kate, Malaki na Kakungulu walikuwa na kitabu kile kile, katika lugha ile ile, na wote walitaka kukitii bila kupunguza neno. Hata hivyo hawakufika mahali pamoja. Aya iliyokuwa sheria kwa mmoja ilikuwa desturi ya zamani kwa mwingine. Ni dhahiri, basi, kwamba kusoma neno kwa neno hakumwondolei msomaji kazi ya kuchagua ni aya ipi iwe juu ya aya ipi. Anachagua, ila hajui kwamba anachagua.

Na uchaguzi huo una gharama. Mtu mzima akijinyima dawa kwa sababu ya aya moja, huenda hilo likawa shauri lake. Lakini mtoto mwenye malaria kali hana sauti katika shauri hilo, wala ugonjwa haumsubiri baba amalize kubishana. Maandiko hayo hayo yanamtaja Luka kuwa tabibu, na yanamsifu Msamaria aliyeyatia majeraha ya mgeni mafuta na divai.

MAELEZO YA MASHAHIDI

Askari polisi ana njia nzuri ya kulielewa jambo hili. Gari likipinduka barabarani, naye akiandika maelezo ya mashahidi wanne, hatarajii yafanane kila neno. Mmoja atasema abiria waliotoka walikuwa wawili, mwingine atamtaja mmoja tu. Maelezo yakilingana mpaka nukta, mpelelezi mwenye uzoefu huanza kushuku kwamba mashahidi wamefundishwa. Tofauti ndogo hazimfanyi aamue kwamba ajali haikutokea.

Ndivyo ilivyo katika Injili. Habari za kaburi la Yesu asubuhi ya Pasaka, Mathayo anamtaja malaika mmoja, Marko kijana mmoja, Luka watu wawili, na Yohana malaika wawili. Kanisa la kwanza liliziona tofauti hizo, wala halikuzifuta ili vitabu vinne vifanane. Vyote vinne vilihifadhiwa kama vilivyo.

Wapo Wakristo wengi, wasomi na wasio wasomi, wanaosadiki kwamba kila neno lilitukia kama lilivyoandikwa. Hawastahili dharau, kwani wengi wao wamelinda ndoa zao na viapo vyao kwa imani hiyo. Lakini nao wasimwite mkana Mungu jirani yao ambaye hazihesabu siku za uumbaji kwa saa. Huko Mbale, mwaka 2004, wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo waliunda pamoja chama cha ushirika cha kahawa, Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Hawakungoja kwanza wakubaliane juu ya Maandiko.

WAZAZI WAFANYEJE?

Kwanza, mtoto akiuliza asipigwe wala asichekwe. Kuuliza si ujinga. Mzazi asiyejua jibu aseme kwamba hajui, kisha wafungue kitabu pamoja, au wamwendee mchungaji na mwalimu wa shule, kila mmoja kwa fani yake.

Pili, mtoto asilazimishwe kuchagua kati ya darasa na kanisa. Aelezwe kwamba kisa cha Nuhu kinafundisha habari za uovu, hukumu na rehema, na kwamba mafundisho hayo hayategemei urefu wa safina. Mtoto aliyeambiwa kwamba yote ni kweli kwa namna moja au yote ni uongo, siku atakapoona kosa moja atayatupa yote.

Tatu, mgonjwa aombewe, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Anayeomba akiwa njiani kwenda kwa daktari hajaipunguza imani yake hata kidogo.