BARIDI YA TUKUYU SIO JOKOFU

Ndugu wanakijiji, wapo wenzetu wasemao chanjo haiharibiki huku Rungwe kwa sababu ya baridi. Twasema hapana. Chanjo nyingi za watoto hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na mchana wetu wazidi hapo.

Tazameni kichupa. Kina duara, na ndani yake mraba mweupe. Alama hii ilianza mwaka 1996 kwenye matone ya polio. Kadiri kichupa kinavyopata joto, mraba hukolea, wala haurudi kuwa mweupe hata kikiwekwa kwenye barafu. Ukilingana na duara au ukizidi, chanjo hiyo imekwisha kazi.

Kina mama na kina baba, mkifika kliniki pale Makandana muombeni mhudumu awaonyeshe. Kuuliza si ugomvi. Kichupa kibovu kikataliwe, lakini mtoto asirudi nyumbani bila chanjo.